Uzi wa Dune: ukimpoteza mvunaji, vifaru havitakuokoa

Mwanzisha uzi, Kampala

Wakuu, salaam. Tangu zile filamu mbili za Dune zitoke, ya 2021 na ya 2024, vijana hapa mjini wananiuliza kama hadithi ile ina gemu. Inazo, tena si haba, na moja kati ya hizo ndiyo iliyofungua njia ya gemu za mikakati mnazokesha nazo leo: unajenga kambi, unavuna mali, unatengeneza jeshi, na adui naye hakungoji umalize. Vuteni viti, maelezo ni marefu.

Kitabu kwanza, kwa haraka. Frank Herbert alikuwa mwandishi wa habari Marekani. Mwaka 1957 alikwenda pwani ya Oregon, karibu na mji wa Florence, kutazama jinsi serikali ilivyokuwa ikipanda nyasi ili kuzuia vilima vya mchanga visimeze barabara. Makala aliyoikusudia haikutoka, ila mchanga ule haukumtoka kichwani. Mwaka 1965 kikatoka kitabu cha Dune, kupitia Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya mafundi magari. Ndani yake kuna sayari ya Arrakis, jangwa tupu lisilo na mvua, na ndiko peke yake inakopatikana melange, kiungo cha thamani kinachovunwa mchangani. Bila melange marubani wa vyombo vya angani hawaoni njia, na bila marubani hakuna biashara wala jeshi linalovuka kutoka nyota moja hadi nyingine. Aliyeishika Arrakis kashika mpini, wengine wote wameshika makali.

Sasa gemu. Mwaka 1992 zilitoka mbili, zote chini ya Virgin Games. Ya kwanza ilitengenezwa na Cryo ya Ufaransa na inafuata hadithi ya kijana Paul, shujaa wa kitabu. Ya pili ni ya Westwood Studios ya Las Vegas, ikatoka mwishoni mwa mwaka, na kwa kuwa mwenzake alishalichukua jina ikaitwa Dune II, ingawa haiendelezi chochote cha ile ya kwanza. Hiyo ya pili ndiyo nataka tuijadili.

Paul hayumo. Mfalme ametangaza tu kwamba ukoo utakaovuna melange nyingi kuliko wengine ndio utakaokabidhiwa sayari, na masharti ya vita hakuna. Unachagua Atreides, Harkonnen au Ordos. Kila ukoo una misheni 9, na ile ya mwisho unakabili koo mbili zilizobaki pamoja na jeshi la Mfalme mwenyewe, Sardaukar.

Unaanza na jengo moja juu ya mwamba. Mchangani hujengi kitu. Hata mwambani, kabla ya jengo unatandaza sakafu ya zege, la sivyo jengo linasimama likiwa nusu bovu tangu siku ya kwanza. Kisha unaweka mtambo wa upepo wa kutoa umeme. Ukijenga mengi kuliko umeme ulionao kazi zinazorota, na hilo sisi wa hapa hatuhitaji mwalimu. Baada ya hapo kinakuja kiwanda cha kusafishia melange, ambacho unapewa pamoja na mvunaji mmoja.

Mtazameni huyo mvunaji. Ni limashine lizito, la polepole, halina hata bunduki. Linashuka mwambani, linaingia kwenye mchanga uliokolea rangi ya chungwa, linasogea, linageuka, linarudi, na lilikopita ile rangi inafutika kipande kwa kipande mpaka panabaki mchanga wa kawaida. Likijaa linarudi kiwandani lenyewe, linaingia, na juu ya skrini tarakimu za pesa zinaanza kupanda mojamoja. Kila askari utakayekuwa naye, kila ukuta na kila kombora vinatoka kwenye tarakimu hizo. Sasa chini ya mchanga huohuo kuna mnyoo. Kichwa chake hukioni. Unaona mchanga unametameta na ule mmeto unasogea. Halafu mdomo unafunguka, na mvunaji hayupo. Mzigo umekwenda, mashine imekwenda, na kama ulikuwa na mmoja tu na pesa za kununua mwingine huna, zima kompyuta ukale chakula.

Ndiyo maana nasema wachezaji wengi wanaikosea Dune. Wanahesabu vifaru. Mwenye wavunaji watatu na vifaru vichache atamzidi mwenye msururu wa vifaru na mvunaji mmoja, akistahimili tu mashambulizi ya mwanzo. Vifaru ni walinzi wa mvunaji. Vikishakwenda kutafuta sifa kwenye kambi ya adui huku mvunaji yuko peke yake mchangani, umeshapigwa, bado tu hujaambiwa. Nunueni mapema zile ndege zinazombeba mvunaji kumpeleka na kumrudisha, maana kila dakika anayotembea mchangani ni dakika ya mnyoo. Jengeni maghala pia: melange ikizidi nafasi mliyonayo inapotea bure.

Silaha nitazipitia juujuu. Atreides wana kifaru cha sauti, Harkonnen wana Devastator ambacho ni kizito kupita vyote, na Ordos wana Deviator, kinachorusha gesi na askari wa adui wanakuwa wako kwa muda. Mimi Ordos nawapenda kwa hila hiyo tu.

Baada ya Dune II mlango ulifunguka. Warcraft ilikuja 1994, Westwood wenyewe wakaleta Command & Conquer 1995, wakairudia hadithi kwa Dune 2000 mwaka 1998 na Emperor: Battle for Dune mwaka 2001. Studio ikafungwa 2003. Kimya kirefu, mpaka Shiro Games wa Ufaransa walipoleta Dune: Spice Wars, kwanza ikiwa haijakamilika mwezi Aprili 2022, kisha kamili mwezi Septemba 2023.

Lalamiko langu kwa Dune II ni moja. Ilichukua uchumi wa kitabu ikawaacha watu. Fremen, wenyeji wa jangwa, ambao kitabuni ndio wanaopindua dola, humu ni kitufe kwenye ikulu ya Atreides. Unabonyeza, wanatokea wachache, wanapigana wanavyotaka wenyewe, basi. Spice Wars imewarudisha, na humo unaweza hata kuwachezea wao. Ukumbi ni wenu.

Mdau wa Jinja

Banange, umetuandikia risala. Lakini mzee, useme na ukweli mwingine: Dune II ya 1992 haichezeki leo. Huwezi kuchagua askari wengi kwa pamoja! Unambofya mmoja, unabofya amri, unabofya mahali pa kwenda, unarudi kwa wa pili. Ukiwa na vifaru kumi na tano kidole kinakufa ganzi kabla vita havijaanza. Mimi niliitupa misheni ya nne.

Mwanzisha uzi, Kampala

Ndugu wa Jinja, hapo sikupingi. Ila angalia usumbufu ule ulivyokuwa unamfundisha mtu bila kukusudia. Kwa kuwa kusogeza jeshi ni kazi ngumu, unajifunza kuweka askari mahali pazuri mara moja na kuwaacha hapo. Unasoma ramani kabla ya kugusa kipanya. Siku hizi mtu anazungushia boksi jeshi zima, anabofya upande wa adui, anakwenda kuchukua rolex, chapati ya mayai, pale nje.

Usiyeweza kuvumilia, tafuta OpenRA. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, na ndani yake kuna Dune 2000 iliyofanyiwa ukarabati: boksi la kuchagua lipo, foleni ya kujenga ipo, na mnacheza wawili au zaidi kwenye mtandao wa ndani bila kula bando. Inakubali laptopu za zamani, zile tunazonunua zimeshatumika na maofisi.

Dada wa Mbale

Nimekisoma kitabu kabla ya kugusa gemu yoyote, na nina ugomvi na nyote wawili. Kwanza huyo Ordos unayempenda hayumo katika riwaya za Herbert. Jina limetoka kwenye The Dune Encyclopedia ya 1984, ambayo iliandikwa na watu wengine, na Westwood walihitaji ukoo wa tatu.

Pili, jambo kubwa mmeliruka. Kitabuni melange inatokana na minyoo yenyewe. Ni sehemu ya maisha yao, na maji yanawaua. Fremen nao wana ndoto ya kuigeuza Arrakis iwe ya kijani, wanaficha maji chini ya miamba kizazi baada ya kizazi. Sasa unganisheni wenyewe: nyasi zikiota, minyoo inakufa, na melange inaisha. Hapo ndipo kitabu kinapouma, kwa sababu kinachowapa watu wa jangwa nguvu ya kuitisha dola ndicho kinachowazuia kupata mvua. Kwenye Dune II mnyoo ni adha ya barabarani tu, unampiga risasi mpaka anaondoka.

Na ile ya Cryo mliyoipita kwa sentensi moja ndiyo iliyolielewa hilo. Unaweza kuwaambia Fremen waache kuvuna wapande mimea, na mimea ikienea mahali, melange ya mahali hapo inatoweka. Unachagua. Hamkuicheza, au mmeisahau?

Mwanzisha uzi, Kampala

Dada yangu, umenipiga pazuri. Cryo niliicheza, na kuhusu mimea uko sahihi kabisa. Nabishana nawe kwa jambo moja: mle vita ni dhaifu. Unazunguka ikulu na mapango ukiongea na watu, na ukishawapa Fremen silaha na makamanda, mapigano yanajiendesha. Ni gemu nzuri ya kusimuliwa. Lakini ikija kwenye kubana mfukoni, kujiuliza kama shilingi hii inunue mvunaji au ukuta, Dune II inaiacha mbali.

Mdau wa Kasese

Mnatafuta Arrakis angani wakati iko hapa kwetu. Nendeni Ziwa Katwe. Ni ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkano, halina mto unaotoka. Wanaume wanaingia majini kung'oa chumvi ya mwamba chini ya ziwa, wanaipakia kwenye vyelezo vya miti wanavuta hadi ufukweni. Pembeni kuna vidimbwi vya kukaushia, vimegawanywa kwa kingo za udongo na miti, kila kimoja na mwenyewe. Mtu akitoka mle ngozi ya miguu imepasuka.

Na vita vyake vilikuwepo. Chumvi ile iligombewa na falme za huku miaka mingi. Kabalega wa Bunyoro aliishikilia, na Lugard, yule afisa wa Kiingereza, alipokuja upande huu mwaka 1891 alipeleka watu, akaichukua, akajenga ngome akaiita Fort George. Hakuja kuogelea.

Mwanzisha uzi, Kampala

Mkuu wa Kasese, huu mfano ungekuwa wangu ningeufungulia uzi. Na umesahau kiwanda! Pale Katwe kuna kiwanda cha kisasa kilichojengwa ili kuvuna chumvi ile kwa mitambo. Hakikudumu. Maji yale makali yaliyala mabomba, kiwanda kikasimama, na mpaka leo wanaotoa chumvi ni walewale wenye vyelezo na vidimbwi. Ndiyo hadithi ya Dune yenyewe: wenye mitambo wanakuja na hesabu zao, na jangwa linafanya la kwake, na anayebaki ni aliyejua kuishi nalo.

Hapo ndipo Spice Wars inaposogelea kitabu zaidi. Ramani imejaa vijiji. Huanzi kwa kuvuna, unaanza kwa kuomba au kunyang'anya kijiji. Atreides wanaweza kukiingiza kwao kwa amani, Harkonnen wanakikandamiza ili kizalishe zaidi. Kila kijiji kinaamua unaweza kujenga nini, maana kimoja kina upepo wa kukusanyia maji na kingine kiko jirani na melange. Ukiwa na vijiji vingi na maji kidogo, umejitafutia balaa.

Mdau wa Hoima

Huku kwetu kila mtu akisikia melange anasema mafuta. Tangu 2006 tunaambiwa yapo, mpaka tumechoka kuambiwa. Lakini naona mfano wa mafuta mnautumia vibaya. Mnatazama kisima. Shida ya mafuta ya Ziwa Albert ni njia. Ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda, na ndiyo maana lile bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limewekwa mfumo wa kupasha moto mwanzo hadi mwisho. Nchi haina bahari, basi mwenye njia ana neno. Kwenye Dune II melange ikifika kiwandani imekuwa pesa papo hapo. Nani kaisafirisha? Kwa bei ya nani?

Mwanzisha uzi, Kampala

Swali la kiutu uzima. Kitabuni mwenye njia ni Chama cha marubani, na hata Mfalme anawaogopa. Dune II inakigusa kidogo tu, kwenye bandari ya anga: unanunua vifaru kutoka shirika la CHOAM na bei inapanda na kushuka. Mwenye subira ananunua bei ikiwa chini.

Spice Wars inakujibu vizuri zaidi. Melange yako unaigawa mwenyewe: hii nauza CHOAM nipate pesa, hii naweka akiba. Akiba si hiari, maana kila kipindi Mfalme anadai kodi, nayo inaongezeka kadiri muda unavyokwenda. Ukishindwa kulipa unapoteza heshima kwenye baraza la koo, Landsraad, na baraza hilo linapiga kura juu ya mambo yanayokugusa moja kwa moja. Nimeona mchezo ambao aliyekuwa na jeshi kubwa alikatwa miguu na kura mbili, bila risasi kulia. Unaweza kushinda kwa ugavana, kwa kununua hisa za CHOAM, au kwa kuwaua viongozi wa wenzako kwa majasusi. Kushinda kwa mabavu kupo, ila ndiyo njia ya gharama kuliko zote.

Mstaafu wa Bombo

Jambo vijana. Mimi ni mtu wa jeshi zamani, mjukuu ndiye aliyenionyesha hiyo Spice Wars kwenye kompyuta yake. Nimependa kitu kimoja ambacho hamjakitaja. Askari wakitoka nje ya eneo lao, kuna alama ya chakula na maji inapungua, na kwenye jangwa la ndani inapungua haraka zaidi. Ikiisha wanaanza kufa bila adui. Mjukuu alikuwa anapeleka kikosi chote moja kwa moja kwa adui, kinafika kimechoka, kinapigwa. Nikamwambia rudi, chukua kijiji cha katikati kwanza, pumzisha watu, halafu endelea. Alishinda. Aliyetunga hiyo gemu amewahi kuongea na mtu wa stoo.

Mwanzisha uzi, Kampala

Jambo sana, afande. Wengi wanalalamika kwamba gemu ile ni ya polepole, na wewe umesema kwa nini. Mwendo wake wa polepole unatoka hapo kwenye chakula. Fremen ndio wanaoruhusiwa kuidharau sheria hiyo kwa kiasi: wanapanda minyoo na kuvuka ramani nayo. Mara ya kwanza ukiwa Harkonnen na kikosi cha Fremen kinakutokea mgongoni, mahali ambapo hakuna barabara wala kijiji chao, utaelewa kwa nini kitabuni mabwana wakubwa walishindwa.

Mdau wa Jinja

Sawa, mmenirudisha. Niko na laptopu ya zamani, haina kadi ya picha ya kueleweka, na umeme huku unajiendea tu. Nianze na ipi?

Mwanzisha uzi, Kampala

Anza na OpenRA, chagua Dune 2000. Spice Wars iache mpaka upate mashine yenye nguvu, itakusumbua bure. Chukua Atreides, ramani ndogo, adui mmoja. Zege kwanza, mtambo wa upepo, kiwanda, halafu usijenge kambi ya askari haraka: jenga kiwanda cha pili upate mvunaji wa pili. Weka askari wako wa mwanzo pembeni ya shamba la melange, wakae mwambani, wasikanyage mchanga bila sababu. Hifadhi mchezo kila mvunaji anaporudi na mzigo, ili umeme ukijiendea usianze upya. Ukitaka mtu wa kucheza naye, Jumamosi jioni mimi huwa naingia, niachie ujumbe hapahapa. Dada wa Mbale naye akija na Ordos wake asiyekuwepo tutampokea.

Dada wa Mbale

Nakuja na Harkonnen. Lindeni wavunaji wenu.